Mstari Uliopita Nyuma ya Jiko la Mzee Ligonja

Kabla sijakabidhi funguo, Neema, mpangaji miji kijana aliyerithi meza yangu, aliniomba niandike vitu viwili vitatu kwa ajili ya wenzake. Nilimwuliza vitu gani. Akasema, "Vile ambavyo havimo kwenye mafaili, Mama." Nikamwambia baadhi ya mafaili yenyewe hayamo kwenye mafaili. Alicheka, akidhani natania.

Naitwa Leokadia Mkwega. Nimepanga matumizi ya ardhi hapa Ifakara na bondeni Kilombero tangu nilipokuwa nasuka nywele, hadi sasa zimebaki za kufunika kwa kilemba. Kwenye sherehe ya kuniaga walisoma vyeo vyangu vyote kwa mpangilio, na viwili nilikuwa nimevisahau. Sitavirudia hapa. Hakuna cheo kilichowahi kunivusha tope. Vijana wa ofisini sasa wanarusha droni juu ya mashamba ya mpunga na kurudi na picha ya bonde zima kabla chai haijapoa, na hilo siwezi kuwafundisha. Nitaandika kuhusu mtu aliyenifundisha kazi, na jinsi nilivyokaribia kumharibia jina kwa kutaka kumfanyia wema.

Siku ya kwanza niliripoti nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya kisigino kifupi, ambavyo mama yangu alininunulia Mahenge kwa heshima ya ajira. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kuchorea, kabati la ramani lisilofungika, na mwanamume mrefu aliyeinama juu ya karatasi. Huyo ndiye Kamilius Ligonja, mpangaji mkuu wetu, Mpogoro kama mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una buti?"

"Sina."

"Basi leo utakaa ofisini."

Nilikaa ofisini siku tatu, nikinoa penseli ambazo hakuna aliyezitumia. Siku ya nne nilikwenda sokoni nikanunua buti za mpira za kiume, namba kubwa, kwa kuwa za kike hazikuwepo. Mzee Ligonja aliziangalia, akasema karibu kazini. Ndiyo mafunzo elekezi niliyopata.

Masika yalipokolea, alinitandikia ramani ya mji mezani. Baina ya nyumba za mwisho na mto mkubwa palikuwa peupe, karatasi tupu. Akaweka kidole pale.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu," nikamjibu.

"Sawa. Chukua buti."

Tulitembea toka asubuhi. Kufika mchana maji yalikuwa yameingia ndani ya buti, na mimi nilikuwa nimeona wavuvi wakitega migono ya kambare, wanawake wakikata majani ya kusukia mikeka, viota vya ndege kwera vikining'inia juu ya matete, na nyayo za sheshe, yule swala wa bondeni mwenye rangi ya dhahabu, zikipita kwenye tope kama mhuri. Tuliporudi hakunihutubia. Alinipa kalamu na ile ramani, akasema andika ulichokiona. Niliandika hadi pale peupe pakajaa na maneno yakamwagikia mtoni.

"Mji ukikua unakwenda palipo peupe," alisema. "Mwenye shughuli zake pale akija kulalamika, anakuta pameshapewa namba za viwanja. Na sheshe hata kulalamika haji."

Nilichukua muda kuelewa kwamba ile ndiyo kazi yenyewe. Kuchora barabara na viwanja mtu anaweza kujifunza chuoni. Kujua nani yuko kwenye karatasi tupu, na kumwandika kabla hujachora, hilo lilihitaji buti.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na darubini ya kupimia ambayo Mzee Ligonja aliibeba mwenyewe mapajani ndani ya gari, na mtu aliyesogea karibu nayo aliangaliwa vibaya. Tulikuwa na mkanda wa kupimia uliokatika na kuungwa, kwa hiyo kila kipimo tulikipunguza upana wa viganja viwili. Tulikuwa na penseli za rangi. Nyekundu ya biashara na ya manjano ya makazi ziliisha kila mwaka. Ya kijani, ya misitu na maeneo ya wazi, niliikuta ofisini na ilidumu muda mrefu kuliko watumishi wengi.

Kuna mambo ya miaka ile ambayo bado nayakumbuka bila kupenda. Namawala, ambako watu wamezoea watafiti wa mbu, tulifika na mkanda wetu, na mama mmoja akatunyooshea kidole tumtoboe damu kabla hatujajitambulisha. Tulipomweleza kwamba tumekuja kupima ardhi, akasema bora damu. Mtaani Viwanja Sitini kila mgeni aliniuliza kama ni kweli viko sitini, nami nikamjibu ahesabu halafu aniletee jibu kwa maandishi. Na Masagati, huko mbele ya Mlimba, gari lilituacha, karatasi zikalowa, tukafanya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa kuchora chini kwa majivu na magunzi ya mahindi. Wanaume walichora upande wao na wanawake upande wao. Wanaume wakaweka barabara, shule, zahanati na kilabu cha pombe. Wanawake wakaweka visima, mto, msitu wa kuni na mahali uyoga unapoota. Mzee Ligonja alizunguka ramani zote mbili, akawauliza wanaume kwa upole sana, "Hapa kwenu watu wanakunywa nini?" Wakamwonyesha kilabu. Ramani iliyopitishwa ilikuwa ya wanawake, ikiongezewa kilabu.

Mzee Ligonja alistaafu nikiwa na miaka ya kutosha ya kazi kurithi meza yake. Hakukaa mjini. Alinunua shamba Lihungu, kitongoji kilichokuwa nje kabisa ya mji wakati huo, chini ya vilima, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na yeye na mkewe, Mama Beatha, wakapanda migomba kuizunguka. Nilikwenda kuwatembelea. Nilisifia migomba. Sikuwa na ramani mkononi siku hiyo.

Kisha mji ukaanza kukua kwa namna ambayo sisi hatukuwa tumeiona. Watu walikuja kwa mpunga, kwa miwa, kwa ng'ombe, kwa barabara. Kila aliyefika alitaka kiwanja, na kila mwenye shamba pembezoni aligundua kwamba yeye ni dalali. Tuliagizwa kuandaa mpango wa upanuzi wa mji upande wa Lihungu kabla haujajipanga wenyewe. Tulikuwa timu ya watu wanne, na Neema alikuwa ameripoti mwezi huo. Nilimwuliza kama ana buti. Alikuwa nazo, za waridi.

Shida ya Lihungu ilikuwa tembo. Katikati ya eneo unapita mkondo wa maji wa msimu, wenye miti na matete pande zote, unaoshuka kutoka misitu ya vilimani hadi kwenye tambarare za mto. Kiangazi tembo hushuka kwa mkondo huo kufuata maji na malisho, kisha hupanda kwa mkondo huohuo. Ofisini tunauita ushoroba. Watu wa Lihungu waliuita njia ya tembo, na wakati wa mikutano waliuita tatizo.

Kila mkutano wa Lihungu ulianza kwa kuwalaumu Wasukuma. Mvua ikichelewa, mkondo ukikauka, samaki wakipungua, lawama zilikuwa za ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa Wasukuma. Mfugaji aliyekuwa akisikiliza haya kwa utulivu zaidi ni Mayunga Shija, mtu mfupi mwenye koti la suti alilovaa hata kwenye jua kali, ambaye alihamia bondeni na mifugo yake akiwa kijana. Mkutano wa kwanza nilimsalimia "Mwangaluka," na kwa kuwa ndilo neno pekee la Kisukuma nililokuwa nalo, mazungumzo yaliendelea kwa Kiswahili.

"Mama, mnataka kujua tembo wanapita wapi?"

"Ndiyo."

"Basi msiulize hawa wanaokimbia. Mtu anayekimbia haangalii njia. Mimi ng'ombe wangu wananywa maji palepale wanapokunywa wale. Tunapishana. Nikichelewa, nasubiri."

Ikawa kwamba mtu aliyelaumiwa kuliko wote ndiye aliyetuchorea ushoroba. Alitembea nasi siku tano, Neema akichukua alama kwa kifaa cha satelaiti, mimi nikiandika kwenye daftari kwa sababu kifaa hakina nafasi ya kuandika "hapa mti uliokwaruzwa na pembe." Mayunga alituonyesha vinyesi vya zamani na vipya, kingo zilizobomoka, na mahali ambapo tembo husimama wote kabla ya kuvuka, kama watu wanaosubiri taa za barabarani, ambazo Mayunga alikuwa ameziona Morogoro na hakuvutiwa nazo.

Siku ya tano tukatokea kwenye migomba.

"Hapa wanapita kushoto na kulia," Mayunga alisema. "Zamani walipita katikati."

Neema aliangalia kifaa, akaangalia nyumba, akaniuliza kama tunamfahamu mwenye nyumba ili tumpe taarifa. Nikamwambia tunamfahamu.

Mzee Ligonja alitukaribisha uji. Nilipomweleza tulichokuwa tunafanya, hakuuliza kuhusu nyumba yake. Aliuliza, "Mmetembea wenyewe, au mmetazama kwenye kompyuta?" Nikamwambia tumetembea. Akaingia ndani, akatoka amevaa buti, akatembea nasi tena kuanzia kwenye uzio wake wa seng'enge hadi kwenye mkondo na kurudi. Alishika ncha moja ya mkanda. Ukingo wa ukanda wa ushoroba ulipita nyuma ya jiko la Mama Beatha, ukiiacha nyumba yote, uzio na migomba ndani ya njia ya tembo.

"Vipimo ni sahihi," alisema. "Mpango ni mbaya. Tutaonana mkutanoni."

Na mkutanoni tukaonana. Tulikuwa tumebandika rasimu kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji: viwanja kwenye miinuko ya pande zote mbili, shule, soko, na katikati ukanda wa kijani usio na kitu chochote cha kujengwa. Mzee Ligonja alisimama akabisha kwa saa nzima bila karatasi. Alisema upana tuliouweka ni mkubwa kuliko tembo wanavyohitaji. Alisema mji usio na ardhi ya kutosha unapeleka watu mabondeni kwenye mafuriko, kwa hiyo tunaokoa mnyama na kuzamisha mtu. Alisema yote haya kwa heshima, akiniita Bi. Mkwega, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani mwake. Watu walipiga makofi. Mimi nilijibu hoja moja moja kwa namna aliyonifundisha yeye, na tulipofunga mkutano hakuna aliyekuwa ameshinda. Tulikubaliana kukutana tena baada ya wiki tatu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, ambalo kwenye sherehe ya kuniaga halikusomwa.

Nilirudi ofisini nikiwa nimechoka. Nilikuwa nikiona uso wake aliponiita Bi. Mkwega. Nikafungua mchoro kwenye kompyuta, nikausogelea mstari pale nyuma ya jiko, nikaupinda. Nikauingiza ndani ya ukanda, nikauzungusha nyumba, uzio na migomba, nikaurudisha nje. Ukiutazama kwa mbali ulionekana kama ukanda umebonyezwa kwa kidole. Zamani kupinda mstari kulihitaji wembe wa kukwangua wino, kisha wino mpya, kisha kusubiri ukauke, na mtu alipata muda wa kuona aibu. Mimi nilimaliza kabla kikombe changu hakijafika mdomoni. Hakuna aliyeniomba. Hakuna aliyeniagiza. Asubuhi rasimu ya pili ikachapishwa na kubandikwa, nami nikajiambia kwamba ni marekebisho madogo ya kitaalamu.

Watu wa Lihungu wanasoma ramani kuliko tunavyodhani. Siku ya kwanza alikuja mama mwenye shamba la mihogo akitaka mstari uzunguke mihogo. Siku ya pili wakaja ndugu wawili waliokuwa na tanuri la matofali. Wiki ilipoisha walikuwa wamepanga foleni kwenye benchi la nje, kila mmoja na kona yake, na hoja ya wote ilikuwa moja: kama mstari umeweza kumzunguka Mzee Ligonja, unashindwa nini kutuzunguka sisi? Nilimtuma Neema akawaambie tunapokea maoni. Aliporudi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ile kona ilitokana na kipimo gani?"

Nikamwambia aende akaangalie kama mashine ya kuchapa ina wino.

Mayunga naye alikuja. Alikaa kwenye benchi hadi zamu yake, akaingia na koti lake, akasalimia.

"Mama, sikuja kuomba kona. Nimekuja kuuliza. Tembo nao mmewaambia kuhusu hizi kona, au wataziona wenyewe?"

Alisubiri jibu kwa adabu kabisa. Kisha akanyoosha koti lake, akaaga.

Siku iliyofuata alikuja Mzee Ligonja. Hakupanga foleni. Aliingia ofisini na buti zikiwa na tope la Lihungu, akasimama mbele ya meza iliyokuwa yake, akafunua rasimu ya pili ambayo alikuwa ameibandua ukutani kwa mtendaji.

"Hii kona ni ya nini?"

"Kuna nyumba, Mzee."

"Nyumba ziko nyingi. Nauliza kona."

Niliifunika ile kona kwa kiganja.

"Leokadia. Mimi nilisimama mbele ya watu nikabishana na mstari wako. Ningeshinda, ningeshinda kwa haki. Ningeshindwa, ningeshindwa kwa haki. Sasa wewe umekwenda ukanipitisha uani. Jana kanisani watu wameniuliza nilikupa nini."

"Hujanipa kitu."

"Mimi najua. Wewe unajua. Hao wengine watajuaje?" Aliikunja ramani vipande vinne, akaiweka mezani. "Ufute."

"Nikifuta, unaweza kupoteza shamba."

"Najua kusoma ramani," alisema. "Ufute, halafu tukutane mkutanoni nikubishie vizuri."

Alipoondoka nililia. Naandika hili kwa sababu vijana wanadhani watu wa zamani walikuwa wa chuma. Nililia nikiwa nimefunga mlango, kisha nikanawa, nikamwita Neema, nikamweleza kipimo kile kilitoka wapi. Alivuta kiti, tukaunyoosha mstari pamoja, yeye akishika kipanya, mimi nikimsomea alama kutoka kwenye daftari.

Wiki tatu zilipotimia nilianza mkutano kwa kusimama na kusema kwamba kona ile niliiweka mimi, kwamba haikutokana na kipimo chochote, kwamba mwenye nyumba hakuiomba na aliponijia alikuja kuikataa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Angalau amesema." Mwingine akasema, "Amesema baada ya kukamatwa." Wote wawili walikuwa sahihi. Baadaye barua ya onyo ilikuja, ikaingia kwenye faili langu. Ni moja ya karatasi ambazo hazijawahi kupotea.

Kisha tukajadili kama watu wazima. Mzee Ligonja alibisha tena, vizuri kuliko mara ya kwanza, na safari hii upana wa ukanda ulipungua kidogo upande wa juu kwa sababu hoja yake ilikuwa ya kweli. Mayunga alipewa nafasi ya kusema, na kwa mara ya kwanza Lihungu ikamsikiliza hadi mwisho. Alikubali ng'ombe wasiingie kwenye mkondo miezi ya kiangazi isipokuwa kwa zamu. Tukafikia masharti: nyumba zilizomo zibaki maisha ya wenye nazo, bila hati miliki. Uzio uondolewe. Pasijengwe jengo lingine lolote la kudumu. Anayetaka kuhama apewe kiwanja upande wa juu. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, mpango ukapita. Mzee Ligonja alinyoosha mkono wa kupinga. Kisha, kwa kuwa katibu alikuwa hajui kuandika muhtasari, akauandika yeye, kwa mwandiko ule wa kwenye ramani, na akasaini kama shahidi kwamba kura ilikuwa halali.

Juma lililofuata alikata seng'enge zake mwenyewe.

Sitadai kwamba tuliokoa bonde. Ule mkondo ukivuka barabara kuelekea chini kuna kipande ambacho kilikuwa kimeshakatwa na kuuzwa kabla hatujafika na daftari. Pale tembo wanapita mbiombio kati ya kuta, na msimu mmoja walikanyaga matofali mabichi ya watu yaliyokuwa yameanikwa. Kule hatukuwahi. Nilikwenda mara nyingi kukaa na wenye nyumba, na wanachoniuliza ni kwa nini sisi hatukuja mapema. Ni swali zuri. Ukanda wa juu, hata hivyo, bado upo. Ukipanda kilimani unauona, kijani katikati ya mabati.

Kiangazi cha kwanza bila uzio, tembo walipita katikati kama zamani na kula migomba. Mzee Ligonja akaniletea barua rasmi, nakala mbili: *Yah: Tembo Kula Migomba.* Alieleza tarehe, saa ya alfajiri, idadi ya mashina na mwelekeo wa msafara, akaomba ofisi ilipokee kama taarifa. Nikamjibu kwa barua rasmi kwamba ofisi imepokea. Miezi miwili baadaye, tembo walipopanda, ikaja nyingine: *Yah: Tembo Kula Migomba (Mara ya Pili).* Aliniandikia hivyo miaka yote iliyofuata. Neema alizipanga kwa tarehe, akaziingiza kwenye kompyuta, na siku moja akaniambia hakuna kumbukumbu bora zaidi ya mapito ya tembo katika ofisi nzima. Nilipomweleza Mzee, alisema yeye hafanyi utafiti, analalamika. Kila mwaka alipanda migomba mipya palepale. Mama Beatha aliniambia wakati wa kiangazi walikuwa wanaamka mapema, wanaweka viti viwili mlango wa nyuma, wanazima redio, wanangoja tembo wapite.

Alipougua alikuwa mzee sana. Nilimwona mara ya mwisho akiwa kitandani, akaniuliza mpango wa upande wa kusini umefikia wapi. Nikamweleza. Akasema mitaro ni myembamba. Alikuwa amesikia tu, hakuwa ameuona, na mitaro ilikuwa myembamba.

Alipofariki, mwanawe mkubwa, Oswald, alikuja kutoka Dar es Salaam na jambo lake lilikuwa moja: baba azikwe kwenye ardhi yake, kando ya nyumba aliyoijenga. Ndugu wote waliona hivyo, na kwetu huko ndiko kuona kwa kawaida. Mafundi walishaanza kuulizia saruji. Ndipo Mama Beatha akanitumia ujumbe nifike, akanipa bahasha yenye jina langu na cheo changu, kimoja cha vile nilivyokuwa nimevisahau. Akasema nisome mbele ya wote.

*Yah: Mazishi Yangu,* iliandikwa. *Kaburi ni jengo la kudumu. Kwa mujibu wa masharti yaliyopitishwa na mkutano wa Lihungu, ambayo mimi niliyapinga na naendelea kuyapinga, jengo la kudumu haliruhusiwi ndani ya ukanda. Naomba nizikwe makaburi ya parokia. Naomba pia Bi. Mkwega asilaumiwe, kwa kuwa alikwishanikatalia mara moja na hiyo inatosha.*

Sikumkatalia chochote. Yeye ndiye aliyenikatalia mimi. Lakini sikuweza kumsahihisha mtu aliyelala sebuleni. Oswald aliichukua barua, akaisoma tena mwenyewe, akaigeuza kuona kama nyuma kuna zaidi. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye migomba muda mrefu. Aliporudi alisema, "Twendeni parokiani."

Mayunga Shija alikuja kuzika akiwa na koti lake, akiongoza ng'ombe mmoja wa msiba. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Kwa masharti tuliyoyapitisha, haki ya kukaa ilikuwa ya mwenye nyumba na mwenzi wake, na Mama Beatha angeweza kubaki hadi mwisho. Hakutaka. Alisema nyumba ile ilikuwa ya watu wawili wanaobishana. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu kumpeleka yeye akachague kiwanja upande wa juu. Tulizunguka naye polepole, Neema akibeba ramani, hadi kwenye kimoja cha kona, karibu na shule, chenye udongo mzuri. Alipiga hatua kukizunguka, akachimbua kidogo kwa ncha ya fimbo, akauchukua udongo mkononi na kuusagasaga.

"Hapa migomba itaota."

"Itaota vizuri, Mama."

"Na tembo? Watafika?"

Nilikuwa na jibu tayari, jibu ambalo tulikuwa tumelihangaikia miaka yote hiyo, kwa vipimo, kwa mikutano, na kwa barua moja ya onyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa si njia yao, hapa hawafiki kamwe.

Mama Beatha alitazama kule bondeni kwenye ule ukanda wa kijani, akaudondosha udongo, akajifuta kiganja kwenye khanga.

"Ah," alisema. "Basi vile viti viwili vya mlango wa nyuma sina haja navyo."